Kadi "isiyoguswa" au "isiyogusana"?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa wanafunzi wa uhandisi. Hutumia kadi janja (yenye chipu ndani) kujitambulisha kwenye kompyuta, kisha huendesha kupitia intaneti mitambo ya maabara wasiyokuwemo. Kwa "contactless card" mwenzangu ameandika "kadi isiyoguswa", mimi "kadi isiyogusa". Nani amepatia? Na "maabara za mbali" kwa "remote laboratories" ni sawa?

JIBU: Mwenzako amekosea zaidi, ila nawe hujafika. Kauli ya kutendwa humleta mtendaji: kadi isiyoguswa haiguswi na yeyote. Sasa huyo mwanafunzi ataitoaje mfukoni? "Isiyogusa" nayo inaning'inia, kwa kuwa kugusa kunadai yambwa, yaani kitu kinachoguswa. Haigusi nini?

Tazama kifaa chenyewe. Kadi ya kuchomeka ina kibati cha metali usoni, nacho lazima kikutane na pini za kisomaji, kile kifaa kinachosoma kadi. Hii yako ina waya uliozungushwa ndani ya plastiki. Kisomaji hutoa mawimbi, kwa kawaida ya megahezi 13.56, na waya huyageuza kuwa umeme wa kuamsha chipu isiyo na betri. Mawasiliano hupita hewani, kwa umbali wa sentimita chache tu. Basi kinachokanushwa ni mgusano wa vitu viwili, na kwa hilo tuna kauli ya kutendana: kadi isiyogusana na kisomaji, kama tusemavyo Juma hagombani na Ali.

Mkali wa maneno atapinga: mbona watu huibandika juu ya kisomaji na inafanya kazi? Kweli. Kwa hiyo mara ya kwanza andika "isiyohitaji kugusana na kisomaji", halafu fupisha. Nilijaribiwa na "kadi ya kukaribisha", lakini hiyo itasomwa kama ya harusi.

"Maabara ya mbali" hutaja mahali ilipo, ilhali huenda iko nyuma ya ukuta. Tunayo "elimu ya masafa". Sema "maabara ya masafa". Usiite "maabara pepe": pepe ni ya kuigiza ndani ya kompyuta, na hapa mota inazunguka kweli, na ukikosea inaungua kweli. Upatanisho wako wa "za" ni sahihi. Hiyo ma- ya mwanzo imewaponza wengi wakaandika "maabara haya"; ngeli yake ni I-ZI.

Ningeandika: "Sogeza kadi yako isiyohitaji kugusana na kisomaji hadi taa iwake, kisha chagua maabara ya masafa uliyoiwekea nafasi."