Kabati lilinisukuma

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: "Kama kila kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ina nyingine ya kuijibu, iliyo sawa nayo lakini ya upande wa pili, mbona hazifutani? Kitu kitasogeaje?" Nikatabasamu, kisha kidonda kikatoneshwa. Swali hilohilo niliwahi kumuuliza mwalimu wangu. Darasa zima liliangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka. Sikunyoosha mkono tena mpaka mwaka ukaisha.

Jibu nililipata ukubwani, nikiwa chali sakafuni. Nilikuwa nahamisha kabati peke yangu (nimekataa msaada, kiburi tu), nimevaa soksi, na vigae vimetoka kupigwa deki. Nikajikaza, nikasukuma. Kabati tuli. Aliyesogea ni mimi: miguu ikateleza kwenda nyuma, nikaanguka puu!

Pale chini ndipo nilipoelewa. Nililisukuma kabati, nalo likanisukuma kwa nguvu ileile. Ila yangu ilikuwa juu ya kabati, yake ilikuwa juu yangu. Zitafutanaje, na kila moja imekalia kitu tofauti? Zinazofutana ni zile zilizo juu ya kitu kimoja, kama msukumo wangu na msuguano ulioling'ang'aniza kabati sakafuni. Kabati lilikuwa na msuguano wa kutosha. Mimi nilikuwa na soksi. Mwanasayansi Isaac Newton aliyaandika haya mwaka 1687. Mimi yamenigharimu nyonga.

Nikavaa raba, nikarudi, kabati likaenda. Peke yangu!

Kwa hiyo ushauri wangu: kabla hujasukuma kitu, tazama miguu yako. Ukitembea, unaisukuma ardhi nyuma, nayo inakusukuma mbele. Ardhi ikiwa na utelezi, huendi. Ukiruka kutoka kwenye mtumbwi usiofungwa, mtumbwi unarudi nyuma na wewe unaangukia majini, kwa hiyo funga kamba kwanza. Yaani ni lilelile: tazama unapokanyaga.

Na ninyi mnaosoma, acheni kuogopa kuuliza. Mnakaa na swali miaka kumi kwa sababu ya kicheko cha dakika moja! Mwaka 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli Robert Goddard, mwanasayansi wa roketi wa Marekani, kwa kuamini kwamba roketi ingeweza kwenda mahali pasipo na hewa ya kusukumia. Likasema amekosa hata elimu inayotolewa kila siku shuleni. Kumbe roketi haihitaji hewa ya kuegemea: inaisukuma gesi yake yenyewe nyuma, na gesi inaisukuma roketi mbele. Goddard alifariki mwaka 1945 bila kuombwa radhi. Gazeti lilikiri kosa tarehe 17 Julai 1969, Apollo 11 ikiwa tayari njiani kwenda mwezini.

Miaka 49. Mwalimu wangu bado nampa muda.