Wanyama wa malakiti, shaba na mbao: namna ya kuwachagua na kuwaweka saloni

Ukitaka mnyama wa kuchongwa kwa ajili ya saloni yako, yaani sebule, usianzie sokoni. Anzia nyumbani. Simama mlangoni uone macho ya mgeni yanaangukia wapi anapoingia, mwanga wa dirisha unatoka upande gani, na watoto wanapita wapi wakikimbia. Hapo ndipo utajua unahitaji mnyama wa kimo gani, na awe anatazama upande upi.

Hili la upande lilinikaa kichwani niliposoma habari za farasi na simba wa mbao wanaopandwa kwenye bembea kubwa za kuzunguka za viwanja vya burudani, wale ambao wakusanyaji wa Marekani na Ulaya wanawasaka hadi leo. Karakana kama ya Gustav Dentzel huko Philadelphia zilijua kwamba watu waliosimama chini wataona ubavu mmoja tu wa mnyama, ule wa nje. Bembea za Marekani huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo ubavu wa kulia ndio uliopewa maua, vito na nywele za shingo zilizochongwa kwa utulivu. Za Uingereza hufuata mwendo wa saa, na uzuri ukawekwa kushoto. Ubavu wa ndani ulipata kazi ndogo. Farasi hao hatuwapati hapa Lubumbashi, lakini tangu nilipolijua jambo hilo kila mnyama ninayemshika namgeuza kwanza. Fundi naye ana ubavu anaoupenda, na ubavu huo ndio utakaotazama mlango wako.

Jiwe letu sisi wa Katanga ni malakiti, na hapa nitakaa kidogo maana ndilo ninalolipenda kuliko yote. Malakiti ni madini ya shaba. Kijani chake chatoka kwenye shaba yenyewe. Ukilikata jiwe unakuta mistari, hapa kijani cha jani changa, pale kijani kinachokaribia weusi, na mahali pengine duara ndani ya duara. Fundi mzuri hulisoma jiwe kabla ya kulitia msumeno. Nina kobe mmoja, anatosha kiganjani, ambaye duara la jiwe limekaa juu kabisa ya gamba na mistari inashuka pande zote hadi kwenye miguu. Mwingine angechonga kobe yuleyule akaliacha duara likatike tumboni, mahali ambapo hapaonekani. Bei yao yaweza kuwa moja. Chukua yule ambaye mistari inaufuata mwili.

Kujua kama ni jiwe la kweli hakuhitaji mashine. Mshike: malakiti ni zito kuliko unavyotegemea na ni baridi mkononi. Plastiki ni nyepesi, inapata joto upesi, na mistari yake inafanana kupita kiasi, kana kwamba imepigwa rula. Kisha tafuta nyufa. Jiwe hili hupasuka likifanyiwa kazi, na mafundi huziba.

“Papa, hapa ulitia nini?”

“Unga wa jiwe na kole, mama.”

Fundi anayejibu hivyo bila kuzunguka, mimi hurudi kwake. Kuziba ufa kwa unga na gundi si kosa. Muhimu ni uambiwe, na bei izingatie hilo. Ukiweza, mtembelee mahali anapofanyia kazi. Kama anakata jiwe kavu na vumbi la kijani limemjaa usoni, mwambie kwa heshima atumie maji na barakoa. Vumbi hilo lina shaba na linadhuru mapafu. Wanaopumua hewa hiyo kila siku ni baba zetu na wadogo zetu.

Nyumbani, malakiti ni laini kuliko linavyoonekana, kisu hulikwaruza. Usilifute kwa sabuni kali wala kwa dawa za vioo zenye amonia. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, basi. Hasa katika kiangazi, vumbi letu jekundu likiingia kila mahali, toa vumbi kwa brashi laini kabla ya kufuta, la sivyo chembe zitachora jiwe.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Picha za shaba ya kufua, zile za swala na tembo waliopigwa nyundo kwenye bamba, watu huzing’arisha kwa ndimu na chumvi, na zinang’aa kweli. Lakini ziko kazi zinazochanganya shaba na vipande vya malakiti. Ndimu ikigusa malakiti inakula mng’ao wake mara moja, na kuurudisha ni kazi ya fundi na msasa. Kazi ya namna hiyo isafishe kwa kitambaa kikavu tu. Shaba ya zamani iliyokwisha kupata rangi ya kahawia, mimi siing’arishi kabisa. Rangi ile ni umri wake.

Kwa mbao nina machache. Sugua chini ya tumbo kwa kitambaa cheupe chenye maji: ikitoka rangi ya viatu, basi “mpingo” huo ni mti mwingine. Angalia matundu madogo yenye unga mpya, na usimweke mnyama wa mbao moja kwa moja sakafuni. Tunaishi katika nchi ya vichuguu, mchwa hawahitaji kualikwa.

Pembe za ndovu usinunue, hata kipande cha kidole. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989 na CITES, mkataba wa mataifa unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini. Vilevile mtu akikunong’oneza kwamba kitu kimetoka kwa chifu kijijini, kiache, huenda ni urithi ulioibwa. Kazi za kale za Waluba na Wahemba nenda ukazitazame kwenye Makumbusho ya Taifa hapa mjini, jicho lako lizoee kazi nzuri.

Ziko pia familia ambamo sanamu ni neno zito. Mama mkwe anaogopa, mchungaji amehubiri. Usibishane. Anza na swala wa shaba ukutani, mahali pa wazi saloni ambapo kila mtu anamwona, wala usifiche mnyama chumbani kwenye kona ya giza. Mgeni akiuliza, mtajie fundi na mahali jiwe lilipotoka. Kwa sababu hiyo mimi hubandika karatasi ndogo chini ya kila mnyama: jina la fundi, mwaka niliomnunua, na kama jiwe ni la Kolwezi au la Likasi. Muulize fundi siku hiyohiyo ya kununua, kabla hajafunga kazi yake kwenye gazeti.