Nilimsahihisha Mchina jina lake, hela ikarudi

Juzi msomaji kaniandikia inboksi. Ana mzigo Guangzhou, China. Kwenye WeChat, ile programu ya Wachina ya kutumiana ujumbe, muuzaji anaitwa Chen, ankara imekuja na jina Chan. "Dada, huyu si tapeli?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Yamenikuta.

Miaka ile nilikuwa nimesoma Kichina kidogo, Kariakoo nzima najiona bingwa. Bwana Huang, muuzaji wangu wa vitambaa, akanitumia akaunti ya Hong Kong yenye jina Wong. Nikasema huyu kakosea. Pale dirishani benki nikakata Wong kwa kalamu, nikaandika HUANG kwa herufi kubwa, na karani nikampa somo la bure. Hela ikaning'inia wiki tatu, ikarudi imeliwa makato. Idi ikapita sina kitambaa dukani. Mpaka leo shemeji yangu akiniona huniita "Mwalimu wa Kichina". Sijazoea.

Kumbe herufi ni ile ile, 黃, yaani manjano. China bara wanaiandika kwa pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi zetu hizi, uliopitishwa 1958: Huang. Hong Kong wanaitamka kwa Kikantoni, Kichina cha kule kusini: Wong. Chen naye kule ni Chan, na Singapore wenye asili ya jimbo la Fujian humwita Tan. Jina lenyewe ni la dola ya kale ya Chen, kwenye jimbo la Henan la leo. Dola ikamezwa na jirani, watu wakabaki na jina.

Jamani wafanyabiashara wenzangu, tuache ujuaji! Jina la benki linakiliwa kama lilivyo. Ukiingiwa na shaka, omba jina kwa herufi za Kichina, kwa sababu si kila Wong ni Huang. Yupo Wong ambaye bara ni Wang, ukoo mwingine kabisa. Na ukoo ndio unaotangulia: Xi Jinping ni Bwana Xi. Mke naye kwa kawaida habadili ukoo, kwa hiyo usimwite Bi Huang kwa sababu ya mumewe. (Hilo nalo nilishalifanya, mezani, mbele ya watu.) Rudia: nakili kama lilivyo.

Ukikutana na ukoo unaoandikwa Ng, usiogope. Ni ng' ya ng'ombe, basi. Wazungu wanahangaika nalo.

Msomaji wangu akaomba herufi. WeChat ikaja 陈, ankara 陳. Akashtuka tena. Ni moja hiyo, bara wameirahisisha tu. Nikamwambia aandike Chan, na karani asimfundishe kitu.