Usipande boti na shata ya nusu sekunde

Toa tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, kwenye hiyo boti kabla hujalipa hata senti. Swali lako nimelisoma mara mbili: umepata kazi ya kupiga picha mashindano ya mashua Shela, mtu amekwambia uweke shata, yaani muda kamera inaokaa wazi kupokea mwanga, nusu sekunde ili mwendo uonekane, utasimamisha tripodi ndani ya boti ya kukodi, na sasa wauliza ununue filta gani nyeusi ya kupunguza mwanga na ukodi lenzi gani. Mimi nilifanya hayo hayo, moja baada ya jingine, kwa kazi ya mtu aliyeniamini.

Nahodha mmoja wa hapa Lamu alinipa arbuni ya shilingi 10,000. Alitaka picha moja tu, kubwa, ya kutundika sebuleni: mashua yake inazunguka boya, wanawe wawili wamekaa juu ya mtengo, ule ubao unaotokezwa nje upande wa upepo ili mashua isipinduke. Wiki tatu kabla nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku mbili Mombasa, na mwalimu alitwambia kwa kujiamini kabisa kwamba picha iliyogandishwa ni maiti, mwendo ni shata ndefu, na kamera ikikaa juu ya tripodi haitikisiki. Nikanunua filta kwa shilingi 14,000.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Saa saba mchana, ukiweka ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga) na tundu la lenzi f/16, lililo dogo, mwanga wa pwani yetu wataka shata ya kama 1/100 ya sekunde. Kufika nusu sekunde lazima uupunguze mara hamsini, na hiyo ndiyo kazi ya filta. Nikaifunga, nikapiga picha 143. Kwenye kioo cha kamera, chini ya jua lile, niliona rangi tu, na rangi zilikuwa nzuri. Usiku nikazifungua kwenye kompyuta. Tanga jeupe limeyeyukia mbinguni. Omo, ile sehemu ya mbele ya mashua, haina ncha. Upeo wa bahari, ambao hauendi popote, una kingo tatu. Na wale vijana juu ya mtengo: mmoja hana uso, mwenziwe ana pua mbili na mkono uliokatikia kwenye kamba. Nikazipitia zote mpaka adhana ya alfajiri, natafuta moja tu ya kumpa mtu. Haikuwapo.

Nahodha alizitazama kwa subira, kisha akasema, "Nilikulipa uwapige wanangu. Hawa ni majini." Nikamrudishia arbuni yake. Mwaka uliofuata nilijitolea kumpigia bure, lakini mwanawe mkubwa alikuwa ameshakwenda Ghuba kutafuta kazi. Ile picha ya ndugu wawili juu ya mtengo mmoja haijapigwa mpaka leo.

Sasa sikiliza sababu, maana mimi sikuambiwa. Tripodi huifunga kamera kwenye kile ilichosimama juu yake. Ikisimama juu ya gati la mawe, kamera imetulia kama gati. Ikisimama juu ya boti, kila wimbi linaloinua boti linainua na kamera, na mtetemo wa injini unapanda kwenye miguu yake mitatu. Hapo kila kitu kwenye picha kinakwenda, na penye vitu vyote kukwenda jicho halioni mwendo, laona picha iliyoharibika. Ili mwendo uonekane lazima kitu kimoja kisimame: ukuta usimame punda apite, au punda asimame ukuta upite. Halafu piga hesabu. Mashua inayokwenda mita 3 kwa sekunde, ndani ya nusu sekunde imesogea mita moja na nusu. Uso wa mtu una upana gani? Kwa 1/1000 mashua hiyo hiyo imesogea milimita 3.

Yule mwalimu bado ananiuma. Shata ndefu ipo na ina uzuri wake, hilo silikatai. Lakini alitufundisha ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, na mifano yake yote ilikuwa maporomoko ya maji na taa za magari usiku, mahali ambapo mpiga picha amesimama juu ya nchi kavu. Hakumuuliza hata mmoja wetu anapiga nini na anasimama wapi. Alichukua ada, akatupa nambari, akaenda zake, na aliyekosa picha ya wanawe ni nahodha.

Na hilo la maiti si kweli. Mwaka 1878 kule California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, kila moja ikifyatuliwa na uzi farasi apitapo. Picha zikaonyesha kwato zote nne hewani, zimekusanyika chini ya tumbo. Shata fupi ndiyo iliyoutoa mwendo ule, jicho la mtu haliwezi kuukamata. Mashua nayo mbio zake zaonekana kwenye povu linalopasuka omoni, tanga lililovimba, na vijana walioegea nje mpaka migongo inakaribia maji. Ukigandisha hayo, kila tone limesimama peke yake, na mtu akiitazama anashika kiti.

Kwa hiyo, ndugu yangu, picha ya mwenye kazi kwanza, kwa 1/1000 au fupi zaidi. Kwa jua lile lile, ISO 400 na f/8, tundu kubwa zaidi, zinakupa kama 1/1600. Mashua ikishazunguka boya, kuza kwenye kioo mpaka uone macho ya watu. Usiitazame picha nzima, tazama macho. Mpaka uyaone, shata ndefu usiiguse.

Ukishayaona, shuka botini. Simama barabara ya pwani jioni, jua limelegea na hata filta huhitaji, wakati punda wanarudi na mizigo ya mchanga. Weka 1/40. Mshike punda kichwa tangu yuko mbali, mfuate kwa kugeuza kiuno, mikono ibaki pale pale, bonyeza akiwa mbele yako na uendelee kumfuata hata baada ya mlio. Wengi husimama wakibonyeza, na hapo ndipo picha inapokatika. Kichwa kitatulia, miguu itakuwa kama moshi, kuta za nyuma zitageuka mistari. Mimi katika picha 30 hupata mbili, na hizo mbili nazipenda kuliko zote nilizowahi kupiga, pamoja na za mbio za punda za Maulidi.

Filta kama hujailipia, acha. Pesa hiyo muongezee mwenye boti afike mapema na akuweke upande wa joshini mwa boya, unakotoka upepo, nje ya njia ya mashua. Mtengo hutokezwa upande huo, na nyuso za watu ziko huko. Ukikaa demani, unakoelekea upepo, utapiga tanga tupu, hata kwa 1/4000.