Vidonge Vinane kwa Siku, na Mke Wangu Hajui

Shikamoo Mama. Nina miaka 31, naendesha bodaboda hapa Morogoro. Mwaka jana mwezi wa nne niligongwa na gari, nikavunjika mguu wa kulia chini ya goti. Hospitali walinifunga POP, ile plasta ngumu, wakanipa na vidonge vya maumivu, tramadol, vya siku kumi. Baadaye waliniambia mfupa umeunga, nirudi kazini, lakini nikikaa kwenye pikipiki kutwa mguu unawaka moto. Nikaanza kujinunulia mwenyewe kwenye famasi moja ambayo haiulizi cheti. Nilianza na viwili kwa siku. Sasa nameza vinane vya miligramu 50, siku nyingine tisa. Nisipomeza, hata hesabu ya tajiri siipati.

Mwezi uliopita niliacha ghafla. Siku ya pili ikawa jasho, makamasi, miayo isiyoisha, kuhara, na miguu inajirusha yenyewe usiku kucha. Mke wangu alidhani malaria, akanipeleka kupima, hamna kitu. Jamaa mmoja kijiweni akaniangalia, akacheka: "Hiyo arosto, kaka." Niliumia sana Mama, maana hilo ni neno la mateja. Siku ya tatu nikameza tena, haikupita saa nyingi nikawa mzima. Mke anajua natumia Panadol tu. Je, nimekuwa teja? Nitaachaje? Huyo jamaa ananishauri nikajifungie kwa bibi kijijini wiki nzima, nimeze Valium ili nilale.

Baba wa Wawili, Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya lolote lingine: usiende kujifungia kwa bibi na hiyo Valium. Kule ndani utazidiwa, utameza tramadol juu yake, na dawa hizo mbili zikikutana zinapunguza pumzi. Mtu hulala asiamke, na bibi asubuhi anadhani mjukuu kachoka na safari. Ukitia na pombe, iwe konyagi au gongo, ndiyo mbaya zaidi. Huyo jamaa huenda anakutakia heri, lakini ushauri wake unaua.

Sasa nikujibu ulichouliza. Tramadol iko ukoo mmoja na mofini na heroini, ndiyo maana arosto yake inafanana na ya wale vijana. Mwili wa binadamu una dawa yake ya maumivu, unaitengeneza wenyewe. Ukiuletea ya dukani kila siku, unalegea kutengeneza ya kwake, na ubongo unajipanga upya kuishi kwa kuitegemea ile ya nje. Ndivyo viwili vilivyogeuka vinne, na vinne vikawa vinane. Hili humpata mwalimu, humpata mchungaji, humpata bibi aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga na akameza dawa zake jinsi alivyoandikiwa. Halitokani na malezi mabaya.

Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe umeshapita pale pa mwili kuzoea tu. Unanunua bila cheti, unajiongezea mwenyewe, unamficha mkeo, na ulipojaribu kuacha ulishindwa. Daktari akisikia hayo atasema ni utegemezi, na utegemezi ni ugonjwa wenye matibabu. Na hao unaowaita mateja, baba, ni wagonjwa kama wewe. Tangu mwaka 2011, ilipofunguliwa kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu utegemezi wa heroini, pale Muhimbili, wapo wanaokwenda kila siku kunywa dozi yao mbele ya muuguzi kisha wanaelekea kazini. Kicheko cha kijiweni kilikuumiza kwa sababu ya jina. Mimi nakuomba jina uliache, ushike tiba.

Kwenye barua yako kilichonitia hofu kuliko vyote ni kidonge cha tisa. Kwa kawaida mtu mzima hatakiwi kuvuka miligramu 400 za tramadol kwa siku, yaani hivyo vinane vyako. Ukivuka hapo, hatari ya kifafa inapanda, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka tangu azaliwe. Sasa jifikirie uko barabara kuu ya Dodoma, malori yanapita, nyuma umepakia mama na mtoto mgongoni. Siandiki haya kukutisha. Naandika kwa sababu najua siku ya vidonge tisa ndiyo siku uliyofanya kazi zaidi, na ndiyo siku usiyotakiwa kabisa kushika pikipiki. Kuanzia leo cha tisa hakipo. Hivyo vinane navyo usivirundike asubuhi: viwili kila baada ya saa sita, mpaka umwone daktari. Usipunguze mwenyewe kwa pupa, usiongeze.

Kuhusu mguu wenyewe, kuna jambo wengi hawaelezwi. Dawa za ukoo huu zikitumika miezi mingi zinaweza kuufanya mwili uhisi maumivu kwa ukali kuliko zamani. Tena yapo maumivu ambayo mfupa hauhusiki: kidonge cha asubuhi kikiisha nguvu mchana, pale palipovunjika ndipo panapolia kwanza, nawe unasema mguu umerudi, kumbe ni arosto ndogo inayobisha hodi. Lakini sisemi maumivu yako ni ya kujitungia. Inawezekana mfupa uliunga vibaya, au misuli iliyolala ndani ya POP haijawahi kuamshwa. Ulipewa mazoezi ya viungo baada ya kufunguliwa? Hukuyataja. Omba upigwe eksirei upya, na uombe kuonana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Dawa ukipunguza na mguu ukabaki vilevile, utarudi tu ulikotoka.

Na usije ukakimbilia diklofenaki, ile dawa nyingine ya maumivu, ukidhani ndiyo njia ya mkato. Dada yangu mkubwa aliimeza kila siku kwa ajili ya magoti, zaidi ya mwaka mzima, akinunua kama anavyonunua chumvi. Usiku mmoja alitapika damu, tukamkimbiza hospitali kwa bajaji, nimeweka ndoo miguuni. Tumbo lilikuwa limechimbika vidonda. Alipona, lakini mpaka leo nikiona ile karatasi ya vidonge mikono yangu inatetemeka. Hiyo dawa ina kazi yake, ila kwa matumizi ya kila siku inahitaji jicho la daktari, kwa tumbo na kwa figo pia.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa. Hospitali za rufaa zina huduma ya afya ya akili, na hapo ndipo mambo ya utegemezi yanaposhughulikiwa. Najua utasema watu watakuona unaingia kwa vichaa. Waone. Wewe ingia na boksi la dawa mkononi, useme hivi hivi: "Daktari, natumia tramadol vinane kwa siku, zaidi ya mwaka, nilijaribu kuacha nikashindwa." Usitaje vinne kwa sababu ya aibu. Dozi ya kukushusha inahesabiwa kuanzia kwenye namba utakayotaja, na ukidanganya, mwili utalipa tofauti. Mwambie pia dawa nyingine zote unazotumia, hasa kama zipo za usingizi au za sonona, kwa sababu baadhi zikikutana na tramadol zinaleta kifafa. Na ukishindwa pa kuanzia, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119.

Jinsi ya kushuka ataamua daktari, lakini nikuonyeshe mwendo wenyewe ili usishtuke. Mara nyingi hupunguzwa kama sehemu moja ya kumi ya dozi, au zaidi kidogo, kila baada ya wiki moja hadi nne. Kwako inaweza kuwa kidonge kimoja kila wiki mbili: vinane, saba, sita. Hesabu hiyo inakupeleka karibu miezi minne, na ikiwa mitano au sita si kosa. Wiki ikikulemea unabaki palepale ulipo, hupandi. Na ujue kabisa kwamba ngazi za chini ndizo zenye utelezi, maana kutoka vinane kwenda saba umepunguza kidogo, lakini kutoka viwili kwenda kimoja umekata nusu nzima. Wengi huvuka vizuri mpaka vitatu, wakafurahi, wakaruka mpaka sifuri, wakaanguka. Kama utaandikiwa tramadol ile ya kutoa nguvu polepole, usiitafune wala kuisaga, kwa sababu dozi ya saa nyingi itaingia mwilini kwa mara moja.

Ulirudia siku ya tatu. Arosto ya tramadol huanza ndani ya siku moja hivi, inapamba moto siku ya pili na ya tatu, kisha inalegea taratibu, ingawa kukosa usingizi na moyo mzito vinaweza kuendelea wiki kadhaa. Maana yake ulishindwa pale pale kileleni. Nakuambia ili uache kujidharau, si ili ukajaribu tena ghafla. Tramadol ina upande mwingine, inagusa na sehemu ya ubongo inayotunza hisia, kwa hiyo ukiikata kwa mara moja kuna wanaopatwa na hofu kuu, kuchanganyikiwa, hata kuona vitu visivyokuwepo. Ukishuka polepole bado utapata miayo na jasho, lakini ni vitu vya kustahimilika. Ukiharisha, kunywa maji ya chumvichumvi ya ORS. Miguu ikianza kujirusha usiku, maji ya moto na kukandwa vinasaidia kidogo. Na ikitokea unaona bora ufe, hiyo usiilalie hata usiku mmoja, rudi hospitali.

Tunafika kwa mkeo. Nilisoma pale alipokuchukua kwenda kupima malaria nikanyamaza kidogo. Mwanamke ameona mume anatetemeka, kaamka, kafunga kanga, kampeleka. Na mume anakaa kwenye benchi akijua ugonjwa wake, hasemi. Mwambie. Usimwambie watoto wakiwepo, wala ukiwa umechelewa dozi na umekasirika. Mwambie ile siku ulivyoumwa haikuwa malaria, zilikuwa dawa, umeshindwa kuacha, na unataka mwende wote kwa daktari. Atakasirika kuhusu hela, na ana haki. Mwache akasirike mpaka amalize.

Namhitaji kwa sababu mbili. Kwanza, vidonge vikae kwake, akugawie vya siku, maana mkono wako mwenyewe kwa sasa hauaminiki. Pili, na hili ni kubwa: mwili ukishashuka, unasahau kuvumilia dozi kubwa. Siku utakayokuwa umekaa wiki kadhaa bila dawa, mguu ukauma au mambo ya hesabu yakakuvuruga, ukameza vidonge vinne au vitano kama zamani, vile vile ulivyokuwa ukivimeza bila wasiwasi vinaweza kusimamisha pumzi. Mkeo anatakiwa ajue: akikukuta unakoroma vibaya, pumzi zinakuja kwa mbali, midomo imebadilika rangi, huamki ukitikiswa, asisubiri asubuhi. Akulaze ubavu, aite majirani, wakukimbize hospitali. Kuna sindano, naloksoni, inayoweza kurudisha pumzi ikiwahi.

Yule wa famasi usirudi kwake. Anayekuuzia tramadol bila cheti hakusaidii hata kama anakuita kaka, na zile za kuuziwa mkononi ni mbaya zaidi, hujui hata ndani kumewekwa nini. Zungumza na tajiri wako mapema upunguze saa, hasa za usiku. Huna haja ya kumweleza yote, mwambie mguu unatibiwa upya, na huo ni ukweli.

Jumatatu usiende na pikipiki. Panda daladala, wewe na mkeo, boksi la dawa kwenye mkoba wake. Ukifika vidonge vitano, niandikie.