Maeneo mawili ya kumbukumbu yanatosha

Swali la wiki hii: ziara ya wanachuo kutoka Dodoma kwenda Rwanda kujifunza maridhiano baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ipangwe vipi? Punguzeni makaburi, ongezeni muda wa kuwasikiliza walio hai.

Ratiba nyingi huharibikia siku ya kwanza, kwa maeneo matatu ya kumbukumbu ya mauaji hayo: asubuhi Gisozi, mchana Ntarama, jioni Nyamata. Gisozi pekee wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kijana akifika kituo cha tatu ameshakufa ganzi, anasinzia garini, na mwalimu anadhani hajali. Wekeni Gisozi siku moja, Nyamata nyingine, zote asubuhi, na mchana wake uachwe wazi kabisa. Murambi, eneo jingine la kumbukumbu, ambako miili imehifadhiwa kwa chokaa, aende mtu mzima aliyeamua mwenyewe.

Kabla ya safari fanyeni vikao vitatu. Kimoja kiwe cha Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania: mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja lile kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi, na miongoni mwao walikuwamo wauaji. Cha pili, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji hayo, iliyokaa Arusha hadi 2015. Cha tatu, gacaca, mabaraza ya kijiji yaliyofungwa 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni 2. Hiki kipewe muda mrefu kuliko vyote, maana ndipo penye kiini cha somo: aliyekiri na kusema miili ilizikwa wapi alipunguziwa adhabu, na sehemu ya kifungo akaitumikia kwa kazi za jamii. Wanachuo wabishane kama hiyo ni haki. Wasipobishana nyumbani, watambishia manusura.

Kumsikiliza manusura, kundi lisizidi watu 15. Posho yake ikubaliwe mapema kupitia wenyeji. Swali la "umemsamehe?" lipigwe marufuku, na la kabila pia, mwulizeni nini kilimsaidia kuendelea. Muda wa kukaa kimya nao ni sehemu ya kikao, mwalimu asiujaze kwa maneno.

Njiani, laleni Kahama, mvuke Rusumo mchana. Pasipoti, kadi ya homa ya manjano na bima ya gari ya kuvukia mpaka zikaguliwe wiki tatu kabla. Saa ya Rwanda iko nyuma kwa saa moja. Kule magari hupita kulia, kwa hiyo mlango wa Coaster yetu hufungukia katikati ya barabara: shusheni watu ndani ya geti tu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya asubuhi. Msipange safari saa hizo. Ombeni wenyeji wawapokee, mshike jembe pamoja nao.

Juma la kuanzia Aprili 7 ni la maombolezo. Msiende na kundi la wageni, hata kama nauli ni nafuu.