Wasomaji Wanauliza: Siku Nne Chiang Mai

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mchuuzi wa nguo hapa Lubumbashi. Mwezi wa tatu nitakwenda Bangkok kununua bidhaa, na safari hii mke wangu atanisindikiza. Tukimaliza shughuli za soko tutabaki na siku nne, na rafiki yangu ametushauri tupande hadi Chiang Mai, mji wa kale wa kaskazini mwa Thailand. Je, siku hizo zinatosha, na tuanzie wapi? (Baba wa Kampemba)

JIBU: Siku nne zinatosha, Baba, mwezi ndio haufai. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne wakulima wa kaskazini huchoma mabua na misitu nayo hushika moto, na kwa kuwa mji umo bondeni katikati ya milima, moshi hubaki umetanda juu yake kwa majuma. Unaujua mwezi wa tisa wa kwetu, vichaka vinapochomwa na jua likawa jekundu tangu saa tisa za mchana? Huko hali huwa mbaya zaidi, hata mlima ulio kando ya mji hauonekani. Ikiwezekana, sogeza safari iwe kati ya mwezi wa kumi na moja na wa kwanza, wakati mvua zimekatika na asubuhi kuna ubaridi.

Kutoka Bangkok ni takriban kilomita 700. Ndege hutumia saa moja na kidogo, lakini mimi ningechagua treni ya usiku yenye vitanda, kwani mnaamka milimani.

Anzieni ndani ya mji wa kale, kwa miguu, kabla jua halijawa kali. Mfalme Mangrai aliujenga mwaka 1296 baada ya makao yake ya awali, Wiang Kum Kam, kusumbuliwa na mafuriko ya mto Ping, na jina lenyewe maana yake ni mji mpya. Ni mraba wenye upande wa takriban kilomita moja na nusu, uliozungukwa na handaki la maji ambalo hadi leo lina samaki, kwa hiyo ni vigumu kupotea: ukifika majini, umefika mwisho.

Hekalu nisiloweza kuliruka ni Wat Chedi Luang. Mnara wake wa matofali ulikaribia mita 80 kabla tetemeko la ardhi la mwaka 1545 kuangusha kilele, na wakarabati wa miaka ya 1990 waliimarisha sehemu iliyobaki bila kukirudisha kilele hicho, uamuzi ambao mimi nauona wa busara. Simameni upande wenye tembo wa sanamu mkiwatazama mmoja mmoja, kwani wengi wao walitengenezwa upya kwa saruji, na yule wa mwisho kulia, aliyechakaa na kupoteza umbo, ndiye mzee wao. Mama asishangae akizuiwa mlangoni mwa kijumba chenye nguzo ya mji katika ua huohuo: wanawake hawaingii humo. Vilevile mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi. Hukiweka mbele yake.

Siku ya pili pandeni Doi Suthep, kilomita kama 15 kutoka mjini, kwa yale magari mekundu yenye mabenchi mawili nyuma, ambayo yeyote aliyewahi kubanwa katika taksi-busi ya Kenya au Katuba, mitaa yetu ya Lubumbashi, atayazoea upesi. Patana bei kabla ya kupanda. Barabara hiyo ilifunguliwa mwaka 1935 baada ya mtawa Khruba Srivichai kuwaita watu waje na majembe yao, nao wakaja kwa maelfu. Ilikuwa salongo, yaani kazi ya pamoja ya umma, ila hakuna aliyelazimishwa. Juu kuna ngazi zaidi ya 300 kati ya nyoka wawili wa sanamu, na viatu huvuliwa kabla ya kuingia penye mnara wa dhahabu. Mabega na magoti yafunikwe; kitenge cha Mama kinafaa kabisa.

Siku ya tatu wengi hukimbilia Chiang Rai, mji mwingine wa kaskazini, na kurudi, wakamaliza saa sita garini. Nendeni badala yake Lamphun, kilomita kama 25 kusini, mji mkuu wa ufalme wa Hariphunchai ambao Mangrai aliuteka kabla ya kujenga wake. Ni mji mtulivu, na hekalu lake kuu halina msongamano.

Siku ya nne iacheni kwa chakula na masoko. Ombeni khao soi, tambi katika mchuzi wa nazi na bizari, na tambi nyingine zilizokaangwa zikawekwa juu. Huletwa pamoja na kisahani cha vitunguu vibichi, ndimu na mboga ya kuchachusha, na vyote hivyo hutiwa ndani. Bukari, yaani ugali wetu, hamtaipata.

Jambo moja la kufanya mkiwa bado Lubumbashi: kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Thailand huidai kwa kila anayetoka Kongo, na chanjo hiyo ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuondoka.